Namna ya Kuteua Timu ya Taifa ya Sataranji Bila Kuacha Kinyongo

Ugomvi wa uteuzi karibu kila mara huanzia mahali pamoja: kanuni ziliandikwa matokeo yakiwa yameshajulikana. Mchezaji amemaliza wa nne, ameshawapigia simu nyumbani, kisha anasikia kwamba kumbe kocha alikuwa na nafasi yake moja. Huenda kocha alikuwa na sababu nzuri kabisa. Hakuna atakayemwamini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ni waraka. Utoke miezi sita kabla ya shindano la kwanza litakalohesabiwa, uwe na namba na tarehe, na usibadilike mchezo ukishaanza. Maelezo haya yanalenga Olimpiadi ya Sataranji, inayochezwa raundi 11 na timu mbili kwa kila nchi, ya wazi na ya wanawake. Kila timu ina watu watano: wanne ubaoni, mmoja akiba. Kwa mashindano mengine badilisheni idadi tu.

Hesabuni kalenda kwa kurudi nyuma. Anzeni na siku ya mwisho ya kusajili majina kwa waandaaji. Majina kumi yawe yametangazwa wiki 12 kabla ya siku hiyo, kwa sababu pasipoti, viza na tiketi hula muda kuliko mnavyodhani. Mchujo uishe wiki 14 kabla, ili zibaki wiki mbili za rufaa. Kamati nyingi huruka hizi wiki mbili, na ndiyo maana rufaa huja kusikizwa wakati timu iko kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Nafasi tano zigawanywe vipi

Mgawo unaofanya kazi ni huu: bingwa wa taifa nafasi 1, mchujo nafasi 3, kamati nafasi 1. Wapo wanaotaka nafasi zote tano zitoke ubaoni. Hoja yao ina nguvu, lakini nchi yenye wachezaji wachache wa kiwango cha juu haiwezi kumwacha nyumbani mtu wake hodari kwa sababu wiki ya mchujo alikuwa na malaria au alikuwa akifanya mtihani wa chuo ng'ambo. Nafasi ya kamati ibaki, ila ifungwe kamba. Apewe tu mtu aliyetoa sababu ya maandishi kabla ya mchujo kuanza, mwenye alama za Elo (namba inayopima nguvu ya mchezaji) zinazozidi za wa tatu kwenye mchujo, na aliyecheza michezo isiyopungua 20 ya kuhesabiwa na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, katika miezi 12 iliyopita. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, nafasi inamwendea aliyemaliza wa nne bila kikao kingine. Sentensi hiyo ya mwisho iandikwe kwenye waraka, maana ndiyo inayozuia mengi.

Wawili wanaofuata kwenye mchujo watajwe kuwa akiba katika barua ileile ya kutangaza timu, kwa mpangilio. Mtu akijiondoa, kusiwe na mjadala.

Kwa timu ya wanawake tumieni mgawo uleule, idadi ileile ya raundi na muda uleule wa saa. Kuwapa wanaume mchujo wa siku tano na wanawake mchujo wa Jumamosi moja ni kosa linaloonekana hata kwa asiyejua farasi huruka vipi. Timu ya wazi si ya wanaume peke yao: mwanamke anaruhusiwa kuichezea. Anayestahili kuingia michujo yote miwili achague mmoja kabla ya droo.

Kwa nini Elo peke yake haitoshi

Kishawishi ni kuchukua orodha ya FIDE ya tarehe 1 ya mwezi fulani, kukata watano wa juu, na kwenda nyumbani. Ni rahisi, ina namba, na inaonekana haina upendeleo. Tatizo ni kwamba inamlipa anayekaa kando.

Fanyeni hesabu. Mchezaji wa 1900 akikutana na wa 1700, fomula ya Elo inamtarajia apate asilimia 76 ya pointi. Kwa kigawe cha 20, yaani namba inayozidishwa na tofauti kati ya matokeo na matarajio, ambacho ndicho cha watu wazima wengi walio chini ya 2400, akishinda anaongeza alama 4.8, akitoka sare anapoteza 5.2, na akifungwa anapoteza 15.2. Sasa mweke kwenye shindano la wikendi Nairobi lenye raundi sita, dhidi ya watu sita wa 1700. Akipata pointi 4.5 kati ya 6, ambayo kwa macho ya watu ni wikendi nzuri, anarudi nyumbani amepungukiwa na alama moja na ushee. Hao wa 1700 nao wengine ni vijana wa shule wanaopanda kila mwezi, na Elo yao haijafikia uwezo wao. Kigawe cha mtoto aliye chini ya miaka 18 na chini ya 2300 ni 40, lakini hata hicho hakimfikishi haraka anapochezea bwawa lilelile dogo, ambamo alama huzunguka kati ya watu walewale. Mwenye 1900 akishaona hivyo, na akijua timu inachaguliwa kwa Elo, atafanya la busara: atakaa nyumbani.

Kwa hiyo Elo itumike kufungua mlango wa mchujo tu, na kwa sharti la kucheza. Wekeni ile michezo 20 ndani ya miezi 12. Tajeni pia ni orodha ya mwezi gani itakayotumika, na kwamba ni Elo ya mchezo wa kawaida, si ya kasi. Anayeleta hoja ya "Elo yangu ya juu kabisa" akumbushwe kwamba Machi 2024 FIDE iliwapandisha wote waliokuwa chini ya 2000 kwa asilimia 40 ya pengo lao hadi 2000. Wa 1500 aliamka na 1700 bila kusogeza kete. Namba za kabla na za baada hazilinganishiki.

Kuwapata kumi wa mchujo

Kumi ni idadi nzuri. Kila mtu hucheza na kila mtu, raundi 9, michezo 45. Bingwa wa taifa akiwa tayari amepata nafasi yake haingii, labda atake mazoezi, na hilo halishauriwi: mtu asiye na cha kupoteza huharibu mchujo wa wenzake.

Hao kumi wapatikane hivi: watatu wa juu kwa Elo waliotimiza michezo 20, bingwa wa vijana, na sita kutoka mfululizo wa mashindano ya wazi. Mfululizo uwe na mashindano sita na kila mchezaji ahesabiwe matatu yake bora. Angalau mawili yafanyike nje ya Nairobi. Mcheza kwao hutunzwa, lakini timu ya taifa haiwezi kupatikana kwa utaratibu unaomfanya kijana wa Kisumu au Mombasa alipe basi la usiku, chumba na chakula mara sita, huku wa South B, mtaa wa Nairobi, akipanda matatu moja na kula kwao jioni. Mashindano matatu bora kati ya sita, mawili yakiwa nje ya Nairobi, hupunguza pengo hilo. Haliishi.

Mashindano hayo ya wazi huchezwa kwa mfumo wa Kiswisi, ambao kila raundi hukutanisha wenye pointi zinazolingana, na hapa kuna jambo ambalo waandaaji hulisahau. Raundi sita zinatosha kumpata mshindi mmoja safi kati ya watu 64, na raundi saba kati ya 128. Hazitoshi kupanga wa pili hadi wa kumi kwa haki. Nafasi hizo huamuliwa na Buchholz, yaani jumla ya pointi za wapinzani wako, na Buchholz hubadilika mpinzani wako wa raundi ya pili anapoamua kwenda zake baada ya chakula cha mchana. Wanaofungana pointi wapewe alama sawa za mfululizo, yaani wastani wa nafasi walizogawana. Pia pointi za bwerere (mpinzani asipotokea) na nusu pointi za bai (raundi ambayo mchezaji hapangiwi mpinzani) katika raundi mbili za mwisho zisihesabiwe kwenye mfululizo.

Siku za mchujo

Muda wa saa uwe dakika 90 kwa kila mchezaji na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua tangu ya kwanza. Mchezo wa hatua 60 hauwezi kuzidi saa nne. Raundi ya kwanza saa tatu asubuhi, ya pili saa tisa alasiri.

Wengi hupanga mchujo kwa wikendi mbili. Afadhali Jumapili hadi Alhamisi wakati wa likizo ya shule: raundi mbili Jumapili, mbili Jumatatu, moja Jumanne, mbili Jumatano, mbili Alhamisi. Wa mbali anasafiri mara moja, Waadventista hawalazimiki kuchagua kati ya Sabato na timu, na swala ya Ijumaa ya Waislamu haiguswi. Wafanyakazi watanung'unika kuhusu ruhusa ya kazini, ila mmewapa miezi sita. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia hapo, anzeni saa mbili u nusu na saa nane mchana. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, hivyo michezo karibu yote itakuwa imekwisha kabla ya futari.

Droo ifanyike hadharani, kila mchezaji akichukua namba yake kwa mkono wake. Si sherehe tu. Katika jedwali la Berger la watu kumi, linalopanga nani anakutana na nani na kwa rangi gani, namba 1 hadi 5 huchezea nyeupe mara tano, na namba 6 hadi 10 mara nne. Namba zikigawanywa ofisini, mtu ataihesabu hiyo nyeupe ya tano. Kama kuna watu wa klabu moja, au ndugu, tumieni majedwali ya Varma yaliyo kwenye kanuni za FIDE ili wasikutane raundi tatu za mwisho. Watu wa klabu moja wakikutana raundi ya tisa na mmoja hana matumaini tena, hata mchezo safi utanuka.

Ukumbi huonekana jambo dogo, na mara nyingi ndipo malalamiko yanapozaliwa. Kabla ya kulipa, ulizeni chumba cha jirani kimekodishwa na nani. Arusi yenye vipaza sauti raundi ya nane haina dawa. Stima ikipotea, saa za kidijitali zinaendelea kwa betri ingawa mchezaji haoni ubao. Mwamuzi asimamishe saa zote kwa pamoja na aandike muda uliobaki wa kila mmoja. Kama jenereta haitawaka ndani ya dakika chache, wachezaji wasitawanyike: wakae mbele ya bao zao, bila simu. Simu zote zikusanywe mlangoni kwenye bahasha zenye majina. Ikikutwa mfukoni ukumbini, sheria ya kawaida ni kupoteza mchezo, na isilegezwe kwa sababu aliyekutwa nayo ni mtoto wa watu.

Sare za makubaliano zipigwe marufuku kabla ya hatua ya 30. Sheria za FIDE zinaruhusu mwandaaji kuweka sharti hilo. Wajanja wataikwepa kwa kurudia nafasi mara tatu kwenye hatua ya 14, hivyo mwamuzi azikusanye karatasi za michezo mifupi na kuzipitisha kwa kamati. Raundi ya mwisho yote ianze dakika moja, asiwepo anayecheza akijua wengine wamepata nini.

Kujiondoa katikati huharibu jedwali zima. Kwa kanuni za FIDE, aliyecheza chini ya nusu ya michezo yake hufutwa kwenye msimamo. Aliyefikisha nusu, wapinzani waliobaki hupata pointi za bwerere. Katika raundi 9 maana yake ni kwamba anayeondoka baada ya mchezo wa tano anawagawia watu wanne pointi nzima, na hao watano waliotoka jasho kumfunga, au waliofungwa naye, wanabaki kutazama. Chukueni amana ya kurudishwa, tuseme shilingi 5,000 kwa M-Pesa, na asiyemaliza bila cheti cha daktari aipoteze. Asiyeweza kuitoa aandike barua asamehewe.

Wakifungana pointi

Watafungana. Wachezaji kumi wa nguvu zinazokaribiana hukusanyika kwenye pointi 5 na 5.5 kama abiria mlangoni mwa matatu. Andikeni mpangilio wa vigezo: kwanza mchezo wao kwa wao, kisha Sonneborn-Berger, kisha idadi ya ushindi.

Sonneborn-Berger huwachanganya wazazi, basi ifafanueni kwenye waraka kwa mfano. Namba 3 na namba 8 wamemaliza na 5.5, na baina yao walitoka sare. Namba 3 alimfunga mtu aliyemaliza na pointi 7, anajiongezea 7. Namba 8 alimfunga aliyeburura mkia na 1.5, anajiongezea 1.5. Aliyetoka naye sare humpa nusu ya pointi zake, aliyemfunga hampi kitu. Wanajumlisha hivyo kwa michezo yote tisa, na aliyewafunga wenye nguvu anatangulia.

Vigezo hivi vinafaa kupanga wa pili na wa tatu, ambao wote wanasafiri. Visiamue nani anasafiri na nani anabaki. Kwenye nafasi ya mwisho chezeni: michezo miwili ya dakika 15 na sekunde 10, ikibaki sare miwili ya dakika 3 na sekunde 2, kisha Armageddon, nyeupe dakika 5, nyeusi dakika 4, na sare ni ushindi wa nyeusi. Ifanyike Ijumaa asubuhi, siyo Alhamisi saa mbili usiku baada ya mtu kucheza saa nane kutwa. Wawekeeni chumba cha kulala usiku huo kwenye bajeti.

Meza ya kamati

Watu watano wanatosha. Kila mmoja asaini kabla ya yote ni klabu gani anaiongoza, ni mchezaji gani anamfundisha, na ni nani aliye ndugu yake. Jina hilo likifika mezani, anatoka nje na kumbukumbu za kikao zinaandika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Kukaa kimya kwenye kiti hakutoshi. Mzazi aliyekaa kimya bado anaonekana na wenzake wanapoinua mikono.

Barua ya matokeo ionyeshe namba: nafasi, pointi, kigezo kilichotumika, na kwa nafasi ya kamati, sababu yenyewe. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na ni nafuu kuitoa mapema kuliko kuulizwa na wakili. Rufaa ipokelewe ndani ya saa 72 na isikizwe na watu watatu wasiokuwa kwenye kamati. Asiyeridhika anaweza kwenda kwenye jopo la mizozo ya michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Karatasi zote za michezo 45, zenye saini za pande mbili, zihifadhiwe hadi timu irudi.

Pasipoti msiidai siku ya kujiandikisha kwa mchujo. Kufanya hivyo ni kumchuja maskini kabla hajacheza. Mteule apewe siku 21 kuonyesha kwamba ameshaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na shirikisho limwandikie barua. Aliye nayo tayari aangalie ina miezi sita zaidi ya siku ya kurudi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 alete idhini ya wazazi mapema, hasa kama mmoja anaishi mbali.

Pesa ziandikwe wazi vilevile. Kama mchezaji atajilipia tiketi, aijue miezi sita kabla. Kama fedha zilizopatikana ni za watu watatu tu, zifuate mpangilio wa orodha, na anayejilipia asiruke mbele ya aliye juu yake.

Mpangilio wa bao, nani wa kwanza hadi wa tano, mwachieni kocha, lakini ajue kwamba ukishawasilishwa haubadiliki: mmoja akipumzika, walio chini wanasogea juu kwa utaratibu uleule. Raundi 11 mara bao 4 ni michezo 44, karibu tisa kwa kila mtu. Waraka umhakikishie kila mteule michezo isiyopungua sita. Wa tano asiyejua hivyo kabla ya kusafiri huishia kubeba chupa za maji, na safari ijayo mtamtafuta kwenye mchujo msimwone.